Hawajakukataa, hawajakuchukua: la kufanya ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri

Majibu hutoka usiku wetu. Vyuo vingi vya mashariki mwa Marekani vyenye ushindani mkali hutangaza mwishoni mwa Machi, jioni kwao. Kipindi hicho sisi Tanzania tunawatangulia kwa saa saba, kwa hiyo wakitoa majibu saa moja jioni, huku Uyole, Mbeya, ni saa nane usiku, mvua bado inanyesha, na wewe umejifunika blanketi na simu ya mama. Unafungua akaunti ya maombi. Hakuna hongera, wala hakuna tunasikitika. Kuna aya mbili za upole zinazosema uwezo wako wameuona ila nafasi hazitoshi, na kama unapenda, watakuweka kwenye orodha ya kusubiri.

Mimi aya hizo nilizisoma mara sita nikitafuta neno lililojificha. Halikuwepo. Nilikuwa kidato cha sita, shule ya bweni Iringa, nimeomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku mbili kwa kisingizio cha jino. Mwisho wake sikwenda Marekani, na sababu yake ni ya kipuuzi kiasi kwamba nimeipa hatua nzima hapa chini. Tangu hapo nimewasaidia vijana wachache wa Mbeya na Njombe na maombi yao, na makosa nayaona ni yale yale. Kwa hiyo, mdogo wangu, soma taratibu.

Kwanza elewa umewekwa wapi

Neno "orodha" linapotosha. Ukisikia orodha unawaza foleni, kama ya zahanati au ya tiketi pale stendi ya Nane Nane, kwamba aliyetangulia ataitwa kwanza. Vyuo vingi vya Marekani havipangi majina hayo kwa namba. Fikiria kamati ya harusi. Ukumbi una viti mia tatu, kadi wametoa mia tatu na hamsini kwa sababu wanajua wapo watakaochangia wasije. Wiki ya mwisho wanahesabu waliothibitisha. Wakikuta meza za upande wa bibi harusi zina mapengo, wanatafuta mtu wa upande huo. Wewe uliyeomba kadi tangu mwezi uliopita lakini ni wa upande wa bwana, utaendelea kusubiri.

Chuo nacho hufanya hivyo hivyo. Kinajua waliochaguliwa wameomba kwingine pia. Mfumo wa Common App peke yake unamruhusu mtu kuomba hadi vyuo 20. Kinakisia wangapi wataitikia, kisha kinangoja tarehe 1 Mei, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha. Hapo ndipo mapengo yanaonekana: labda waliotaka fizikia wamepungua, labda wapiga fidla, labda wenye uwezo wa kulipa ada yote. Harvard, kwa mfano, zaidi ya wanane kati ya kumi wanaoitwa huitikia, kwa hiyo mapengo yenyewe huwa machache.

Ukitaka kujua uzito wa nafasi yako, usimuulize mtu WhatsApp. Andika kwenye Google jina la chuo pamoja na maneno "Common Data Set", ufungue waraka, ushuke hadi sehemu ya C2. Utakuta namba tatu: waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kubaki, na waliochukuliwa mwishowe. Tazama miaka minne mitano. Chuo kile kile mwaka mmoja kinaweza kuchukua watu wengi na mwaka unaofuata kisichukue hata mmoja. Mwaka 2020, korona ilipovuruga mipango, vyuo kadhaa vilichukua wengi kuliko kawaida. Usiutumie mwaka huo kama kipimo.

Ukishaziona namba hizo, panga maisha yako kana kwamba jibu ni hapana. Ndivyo hatua zote zinazofuata zilivyopangwa.

Hatua ya 1: Jibu kama unabaki au hubaki

Vyuo vingi havikuweki mpaka ubonyeze kukubali, na kuna tarehe ya mwisho. Dakika mbili zinatosha. Kama moyoni unajua kwamba hata wakikuita hutakwenda, kataa sasa hivi, nafasi yako isubiriwe na mwingine.

Hatua ya 2: Mpe mtu imeili yako

Hii ndiyo hatua ambayo miongozo ya Wamarekani haiitaji kabisa, maana wao mtoto wao analala na simu. Wewe uko bweni ambako simu ikikamatwa inavunjwa mstarini mbele ya wote. Orodha ya kusubiri huanza kusogea Mei, mnapoingia kwenye mtihani wa taifa. Inaendelea Juni na Julai, ambapo ukichaguliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria utakuwa kambi ya Itende, au Mafinga, au mkoa usioujua kabisa, unaamka alfajiri kukimbia mchakamchaka. Na chuo kikikuita hakikupi mwezi wa kufikiri. Wengine hupewa wiki, wengine siku mbili tatu.

Mimi nilipewa siku tano. Barua niliisoma siku ya kumi na moja, Jumapili tuliyoruhusiwa kupiga simu nyumbani, kwa sababu nywila nilikuwa nayo mwenyewe kichwani. Nilijiona mjanja kwa kutomwambia mtu. Niliwaandikia nikieleza, wakanijibu kwa heshima kubwa kwamba nafasi imeshajazwa. Kosa lilikuwa langu, na sijawahi kuwalaumu.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja. Asiwe baba mwenye shughuli nyingi, wala rafiki anayeomba chuo hicho hicho. Dada anayeuza vitenge Mwanjelwa na kushinda mtandaoni anafaa kuliko mjomba profesa asiyeshika simu. Mwandikie kwenye karatasi imeili, nywila, na anwani ya akaunti ya maombi. Hakikisha namba inayopokea ujumbe wa uthibitisho ni ya laini iliyo mkononi mwake. Laini yako iliyozimwa ndani ya sanduku la bweni haitamsaidia. Mwambie afungue kila siku asubuhi, pamoja na lile kasha la barua taka, maana barua za vyuo hupenda kwenda kujificha humo.

Kisha mkubaliane mapema jibu litakuwa nini. "Wakiniita na ufadhili wote, bonyeza ndiyo bila kunitafuta. Wakiniita bila ufadhili, omba waongeze siku, kisha mpigie mwalimu wa taaluma." Iandikwe, muitie sahihi wote wawili. Inachekesha, lakini itakuokoa.

Hatua ya 3: Shika chuo kilichokukubali

Kama kuna chuo kingine cha nje kilichokupokea, thibitisha huko kabla ya 1 Mei na ulipe amana ya kushikia nafasi. Mara nyingi ni dola mia kadhaa, na ukija kuondoka hazirudi. Kama umepewa ufadhili mkubwa, waandikie uombe wakusamehe amana hiyo. Wapo wanaosamehe, ila lazima uombe. Kulipa amana sehemu moja huku ukibaki kwenye orodha ya kusubiri ya sehemu nyingine kunaruhusiwa na wote wanajua. Kisichoruhusiwa ni kulipa amana vyuo viwili kwa siri. Vikigundua, unaweza kupoteza vyote.

Halafu anza kukipenda. Nalisema hili kwa sababu nimeona kijana aliyeshika nafasi nzuri na ufadhili kamili akiutumia mwezi mzima kumlilia aliyemweka pembeni, mpaka akachelewa kujaza fomu za bweni za kule alikopokelewa.

Hatua ya 4: Andika barua moja, na iwe na jambo jipya

Kabla ya kuandika soma maelekezo yao. Wakisema hawataki barua wala nyongeza yoyote, usitume. Wakiruhusu, tuma moja mwezi Aprili, kabla mtihani haujakubana. Ukurasa mmoja unatosha.

Utaiandika kwa Kiingereza, lakini ipange kwanza kwa lugha unayofikiria nayo. Wengi huanza hivi: "Chuo chenu ni ndoto yangu tangu utotoni, na naahidi kuwa mwanafunzi mwenye bidii." Afisa udahili amesoma sentensi hiyo tangu asubuhi. Na si kweli. Utotoni ulitaka kuwa dereva wa fuso kama sisi wote.

Kijana mmoja wa Isyonje nilimkuta na rasimu ya namna hiyo. Nikamuuliza, tangu utume maombi Desemba kumetokea nini? Akasema hakuna. Nikamuuliza, shambani je? Akaanza kusimulia viazi vya bibi yake. Barua aliyoituma mwishowe ilisema hivi, kwa tafsiri yangu:

"Kwenye maombi yangu nilieleza kwamba viazi vya bibi yangu huoza ghalani kabla hatujapata mnunuzi. Januari nilijenga vichanja vya mianzi na kutoboa matundu ya hewa upande wa upepo. Msimu uliopita tulitupa magunia manne kati ya kumi. Safari hii tumetupa moja. Majirani wawili wameiga, na mmoja amenionyesha kosa: matundu yangu yanaingiza mwanga, na viazi vinageuka kijani. Sasa natafuta namna ya kuingiza hewa bila mwanga."

Tazama kilichomo: kazi, hesabu, na kosa alilokiri. Hakuna sifa hata moja aliyojipa. Baada ya hapo aliongeza mistari mitatu kuhusu somo moja la pale chuoni ambalo alikuwa amelisomea kweli maelezo yake, akamaliza kwa kusema kwamba wakimchukua atakwenda. Sentensi hiyo ya mwisho mwambie chuo kimoja tu, kile ambacho ni kweli.

Na matokeo mapya? Yatume, ila usiyaache peke yake. Mwombe mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma atume matokeo ya mtihani wa utamilifu (mock) pamoja na maelezo mafupi. Kwetu alama A ya kidato cha sita huanzia 80 na C ni 60 hadi 69. Mmarekani akiona C bila maelezo anadhani ulilala mwaka mzima. Mwalimu aandike umekuwa wa ngapi kati ya wangapi, na kwamba usahihishaji wa utamilifu mara nyingi huwa mkali kuliko wa taifa. Mpelekee rasimu, kalamu na bando. Mwalimu ana madarasa manne na watoto wake mwenyewe.

Baada ya barua hiyo, nyamaza. Usiandike kila wiki. Mama asipige simu. Mchungaji asitume barua ya pili ya kukusifu kama hawakuiomba. Na zawadi ya chai ya Rungwe, hata ikiwa ya nia njema, ibaki nyumbani muinywe.

Hatua ya 5: Uliza pesa waziwazi

Hapa ndipo penye mwiba kwa sisi tunaohitaji ufadhili wote. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vina sera ya kutotazama uwezo wa kifedha wa mwombaji wa nje wakati wa kumchagua. Vingi vilivyobaki vinatazama, na wakati wa orodha ya kusubiri bajeti ya ufadhili huwa imekwishagawiwa. Mtu anaweza kuitwa Juni, akafurahi, akakuta hakuna hata senti.

Waandikie sentensi mbili: "Je, wanaochukuliwa kutoka orodha ya kusubiri hupewa ufadhili sawa na wengine? Je, mwombaji wa kimataifa pia?" Swali hilo halikupunguzii chochote, kwa sababu fomu yako ya ufadhili wameshaiona. Jibu likiwa hapana na nyumbani hakuna mtu wa kulipa, umepata ruhusa ya kuacha kusubiri. Mshauri wa EducationUSA ubalozini Dar es Salaam husaidia maswali ya namna hii bila malipo, na hulazimiki kupanda basi.

Hatua ya 6: Fungua milango ya nyumbani kana kwamba ndiyo safari yenyewe

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la kwanza la udahili chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hufunguliwa kipindi hicho hicho. Omba. Omba kwa bidii ile ile uliyoomba nayo kule. Ukitaka uhandisi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kiko hapa hapa Mbeya. Ukitaka udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya Mbeya. Ualimu wa sayansi, Mkwawa pale Iringa. Vyuo vyetu hufungua Oktoba au Novemba na vya Marekani vingi Agosti, kwa hiyo utajua la kule kabla la huku halijakubana.

Mkopo ndio unaohitaji maandalizi. Miaka ya karibuni dirisha la Bodi ya Mikopo limekuwa likifunguliwa Juni, wakati wewe uko kambini. Kwa hiyo kabla hujaondoka, cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iwe imepatikana, mdhamini ajulikane, na picha ndogo ziwepo kwenye bahasha. Nakala zote ziskaniwe steshenari, zitumwe kwa yule yule mwenye imeili yako. Sahihi ya mtendaji wa mtaa usiingoje hadi siku ya mwisho. Siku hiyo hutamkuta ofisini.

Pasipoti pia, kama huna. Ada ni Sh 150,000, na inakufaa hata usipokwenda popote mwaka huu.

Hatua ya 7: Watu

Shangazi wa Iringa hajui tofauti ya kusubiri na kuchaguliwa. Ukimwambia kuna orodha, Jumapili litatangazwa kanisani kwamba unakwenda Marekani, na kuanzia hapo kila "kamwene" itafuatiwa na "unaondoka lini?" Waambie watu watatu tu. Wengine wape sentensi moja: "Nasubiri matokeo ya taifa." Ni kweli, na inamaliza mazungumzo.

Kuna anayesema subira yavuta heri. Mjibu amina, kisha urudi kwenye hatua ya 3.

Atakuja pia kishoka, mjini hawakosi, wa kukuambia anamjua mtu ofisini huko na kwa laki tatu jina lako litasogezwa juu. Nimeshakueleza hakuna juu wala chini kwenye orodha hiyo. Laki tatu ni pasipoti mbili.

Na huzuni, usijifanye huna. Wiki ya kwanza nililala sana na nikajibu watu vibaya. Kilichonisaidia ni kazi ya mikono: nilikwenda kwa babu Tukuyu Pasaka ile, tukapalilia migomba siku tatu bila kuongea habari za chuo. Babu alijua. Aliuliza mara moja tu kama huko wanakula ndizi.

Hatua ya 8: Wakikuita

Soma barua mara mbili. Tafuta vitu vitatu: tarehe ya mwisho ya kujibu, kiasi cha ufadhili, na kama bweni lipo. Ufadhili usipotajwa, usithibitishe. Omba waongeze siku hadi barua ya ufadhili ifike. Ukithibitisha, waandikie wale uliowalipa amana siku hiyo hiyo, uwashukuru na kujitoa.

Kuanzia hapo unakimbizana na viza. Chuo kitakutumia fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba umepokelewa, utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha kuna ada ya viza na usaili Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kwa hiyo usipange usafiri wa kufika asubuhi ya usaili wenyewe, lala Dar. Lakini kabla ya kulipa chochote, soma tangazo la karibuni la ubalozi. Tangu 2025 kanuni za viza za Marekani kwa nchi za Afrika, yetu ikiwemo, zimebadilika zaidi ya mara moja. Zikikuzuia, andikia chuo uombe kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja, na uulize kama ufadhili utakungoja.

Hatua ya 9: Wakinyamaza

Vyuo vingine huandika Julai kwamba orodha imefungwa. Vingine havisemi lolote mpaka uwaone wenzako wakipiga picha za bwenini. Jiwekee tarehe yako mwenyewe. Mimi nawaambia vijana wangu: siku majina ya awamu ya kwanza ya TCU yanapotoka, imetosha.

Siku hiyo andika mistari mitatu: unashukuru, umechagua kwingine, waondoe jina lako. Usiulize kwa nini, hawatakuambia. Ukitaka kuomba tena mwakani, unaruhusiwa, lakini utaomba kama mpya, na maombi yawe na mwaka mzima wa mambo mapya ndani yake.

Ukishatuma, badilisha nywila. Dada amekuwa nayo tangu Machi.